Mkoba wa Kwanza wa Fundi Taa wa Filamu: Ununue Nini, na kwa Mpangilio Gani

Wanaoanza kazi ya taa katika filamu huuliza maswali yaleyale: ninunue taa gani kwanza, mkoba wangu uwe na nini, na ni vitu gani ninavyoweza kuvipata kwa bei nafuu bila kujiponza? Swali la kwanza lina jibu fupi: usinunue taa. Taa, stendi, nyaya nene na jenereta hukodishwa na wanaogharamia filamu, na fundi anayeitwa kazini hutarajiwa kufika na zana ndogo anazoweza kuzifikia kwa mkono mmoja akiwa juu ya ngazi. Mwongozo huu unahusu zana hizo tu.

Kanuni itakayokuongoza katika manunuzi yote ni hii: kitu chochote kinachokaa kati ya mwili wa mtu na umeme, joto au mzigo unaoweza kuanguka, kinunue kikiwa kipya na chenye ubora uliothibitishwa. Vilivyobaki vinaweza kuwa vya bei ya chini, vya mtumba, au vya kujitengenezea. Wengi hufanya kinyume, yaani hutumia fedha zote kwenye kisu cha kifahari chenye vifaa kumi na vitano, kisha hupima umeme kwa kidude kisicho na hata jina la aliyekitengeneza.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha una mambo yafuatayo:

- Umejua volti za umeme wa mahali unapofanyia kazi na aina ya plagi zinazotumika. Nchi nyingi hutumia volti kati ya 220 na 240, ilhali Marekani hutumia 120, na vifaa vya kupimia soketi hutengenezwa kwa kufuata tofauti hiyo.
- Una mkanda imara wa kiunoni na kipochi kimoja au viwili vya kuning'iniza zana. Kipochi cha fundi seremala kinafaa kabisa.
- Una viatu vinavyofunika vidole, vyenye soli nene ya mpira, pamoja na nguo za pamba nzito zenye rangi ya giza. Shati jeupe hurudisha mwanga usoni mwa mwigizaji, na mpiga picha atakuondoa karibu na kamera bila kukueleza sababu.
- Unajua mpaka wako. Kuunganisha nyaya moja kwa moja kwenye bodi ya umeme ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Wewe unaanzia kwenye soketi.

Hatua ya 1: Nunua glavu kabla ya zana nyingine yoyote

Chagua glavu za ngozi halisi zinazobana mkono vizuri. Taa za tangsteni na za halojeni, yaani zile zenye uzi wa ndani unaowaka kwa joto kali, huwa na joto la kuunguza kwa muda mrefu hata baada ya kuzimwa, na glavu za nailoni au zilizopakwa plastiki huweza kuyeyuka na kugandamana na ngozi yako. Ukiwa dukani, zivae ujaribu kuokota sarafu na kufunga fundo. Ukishindwa, ni kubwa mno kwako, na utazivua kila mara unapohitaji kukaza skrubu, jambo ambalo litazifanya zisiwe na faida yoyote.

Onyo: glavu za ngozi hukinga joto na michubuko, hazikingi umeme. Zikilowa jasho, ni hatari zaidi.

Zingatia pia kwamba balbu ya halojeni haiguswi kwa kidole kitupu hata ikiwa baridi. Mafuta ya ngozi hubaki juu ya kioo, sehemu hiyo hupata joto kuliko nyingine, na balbu huweza kuvimba au kupasuka. Ikiguswa kwa bahati mbaya, ipanguse kwa kitambaa safi chenye spiriti kabla ya kuiwasha.

Hatua ya 2: Nunua vifaa vya kupimia umeme, na usibane matumizi hapa

Unahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni kalamu ya kupimia umeme isiyogusa waya, ambayo huwaka au kulia inaposogezwa karibu na waya wenye umeme. Cha pili ni kipima soketi, ambacho huchomekwa na kuonyesha kwa vitaa vyake kama nyaya zimeunganishwa sawasawa na kama waya wa ardhini upo. Cha tatu ni multimita, yaani kifaa kimoja cha kupimia volti, ampia na ukinzani.

Kalamu hiyo isikupe uhakika usiostahili. Kila unapoitumia, ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha pima unachotaka kupima, kisha rudi tena kwenye soketi ileile uone kama kalamu bado inafanya kazi. Anayeruka mzunguko huo anaweza kuambiwa "hakuna umeme" na kalamu ambayo betri yake imekwisha. Ile bisibisi ya testa yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, ambayo hukutaka uweke kidole juu ya kichwa chake, iache nyumbani, kwa kuwa kitaa chake huwaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwako, na ikiwa imechakaa au imelowa hutakuwa na kinga yoyote.

Kwa multimita, tafuta iliyoandikwa CAT III, ambalo ni daraja la usalama la kupimia umeme wa majengo, na volti 600 au zaidi, kutoka kwa mtengenezaji anayefahamika, yenye fyuzi ndani na nyaya za kupimia zisizo na nyufa. Hapa ndipo rahisi huwa ghali. Huhitaji yenye vipimo vingi: volti za AC na DC, ukinzani, na mlio wa kuonyesha kwamba waya haujakatika vinatosha kwa miaka mingi.

Kosa linaloharibu multimita nyingi, na wakati mwingine kumjeruhi mwenye nayo, ni kuacha waya mwekundu kwenye tundu la ampia kisha kupima volti za soketi. Ukifanya hivyo umeunganisha shoti kwa mikono yako mwenyewe. Ukimaliza kupima ampia, rudisha waya kwenye tundu la volti papo hapo, kabla hujaongea na mtu.

Ukiwa na fedha kidogo za ziada, ongeza breka ya kubebeka inayohisi uvujaji wa umeme, ile inayokata umeme mkondo wa miliampia 30 unapopotea. Ichomeke kwenye soketi kabla ya ekstensheni yako, hasa mnapofanya kazi nje au karibu na maji.

Nadharia utakayohitaji hapa ni hesabu moja: wati ni volti mara ampia. Soketi ya volti 230 inayotumia plagi yenye fyuzi ya ampia 13 ina kikomo cha wati 2,990. Taa mbili za wati 1,000 zitawaka bila tatizo. Ya tatu itavuka kikomo kwa wati 10, na hapo hujahesabu chaja ya betri aliyoichomeka mtu wa kamera bila kukuuliza. Mafundi wengi hujiwekea mpaka wa asilimia 80 ya kikomo kwa taa zinazowaka muda mrefu, nawe fanya vivyo hivyo. Kwa taa za LED, soma wati zinazotumiwa kweli, ambazo huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, wala usitegemee tangazo la kwenye boksi linalosema taa "inalingana na wati 1,000".

Hatua ya 3: Kusanya zana za kukaza na kukata

Spana ya kurekebishika yenye urefu wa milimita 200 hivi itafungua na kukaza vibano vingi vya kuning'inizia taa. Bisibisi mbili, moja bapa na moja ya msalaba, ziwe na mpini uliothibitishwa kwa volti 1,000. Koleo la kukatia, seti ndogo ya funguo za pembesita ambazo mafundi huziita aleni, na kisu cha kukunja chenye wembe unaobadilishwa hukamilisha sehemu hii. Zana hizi, isipokuwa bisibisi, unaweza kuzinunua za mtumba. Kagua tu kama meno ya spana hayachezi.

Ile zana moja yenye koleo, kisu na bisibisi zilizokunjwa pamoja inafaa ukiwa mbali na mkoba. Hata hivyo, mipini yake mingi ni chuma tupu, kwa hiyo isikaribie kitu chenye umeme.

Jambo moja wanaoanza hulipuuza: zana yoyote utakayopanda nayo ngazi ifungwe kwa kamba fupi kwenye mkanda au kwenye kifundo cha mkono. Spana ikiponyoka kutoka mita nne juu, chini yake mara nyingi huwa kuna mwigizaji.

Hatua ya 4: Vibanio vya nguo na tepu

Nunua vibanio vya nguo vya mbao, dazeni mbili au tatu. Vya plastiki havifai, kwa sababu huyeyuka vikikaribia taa, na vya chuma hubeba joto hadi vidoleni. Vya mbao huchelewa kupata moto, hubana jeli (karatasi ya plastiki inayobadilisha rangi au ukali wa mwanga) kwenye mabawa ya taa, yaani vibati vya mbele vya kuelekeza mwanga, bila kuichana, na vikipotea hakuna anayelia. Vibane kwenye ukingo wa shati au kwenye mkanda, vikiwa tayari. Chukua viwili au vitatu, vivunjue, kisha viunganishe upya vipande vya mbao vikiwa vimegeuzwa, ncha nyembamba zikitazama mbele. Utapata kikoleo kidogo cha kuvutia wavu wa chuma wenye moto kutoka mbele ya taa.

Tepu ndiyo itakayokula fedha zako mwezi baada ya mwezi. Tepu ya kitambaa inayotumika katika filamu ina upana wa milimita 48 hadi 50, haimeti, huchanika kwa mkono, na ikibanduliwa haiachi gundi ikiwa haikukaa muda mrefu wala haikupata joto. Tepu yenye rangi ya fedha inayouzwa kwa ajili ya mabomba hufanana nayo kwa mbali, lakini inameta mbele ya kamera na huacha gundi ukutani, na mwenye nyumba mliyoazima hatasahau. Bei ya tepu ya kitambaa ni kubwa, kwa hiyo nunua bunda moja jeusi tu, kisha uongeze vitu viwili vya bei ndogo: tepu ya karatasi ya wapaka rangi na tepu ya umeme ya milimita 19 yenye rangi tatu au nne.

Zitumie kwa mpangilio huu:

- Kwenye ukuta uliopakwa rangi, tandika kwanza tepu ya karatasi, kisha bandika ya kitambaa juu yake. Jaribu sehemu iliyofichika kabla ya kubandika mahali panapoonekana.
- Kunja ncha ya kila kipande unachobandika, ili anayekuja kubandua, ambaye huenda ukawa wewe saa nane za usiku, apate pa kushika.
- Tepu ya umeme yenye rangi ni ya kutia alama: rangi moja kwa urefu mmoja wa waya, nyingine kwa zana zako mwenyewe. Haifai kufunika waya uliochubuka. Waya wa namna hiyo hutolewa kazini na kupelekwa kwa fundi wa kuutengeneza.
- Usibandike tepu yoyote kwenye mwili wa taa inayotoa joto. Gundi hulainika, na kilichobandikwa hudondoka.

Hatua ya 5: Kamba, waya za usalama na vifungio

Nunua mita kumi au kumi na tano za kamba ya pamba iliyosukwa, yenye unene wa milimita 6 hivi. Kamba za plastiki huteleza kwenye fundo na huyeyuka zikigusa taa. Kamba yako ni ya kufungia nyaya kando ya stendi, kuvutia kitambaa cheusi, na kushusha zana kutoka juu. Haitumiki kuning'iniza taa juu ya watu.

Kwa taa iliyoning'inizwa, kuna waya wa chuma wa usalama wenye kulabu na uzito unaobebeka ulioandikwa juu yake. Mara nyingi hukodishwa pamoja na taa, lakini kuwa na wako mmoja au wawili ni busara, na usinunue usio na maandishi ya uzito. Upitishe kwenye bomba imara na kwenye fremu inayobeba taa, ukiacha ulegevu mdogo kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa taa inayoanguka sentimita sitini kabla ya kukamatwa huvuta waya kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake ikiwa imetulia.

Vipande vya velkro vya kufungia nyaya unaweza kuvikata mwenyewe kutoka kwenye bunda. Ni bora kuliko vifungio vya plastiki vya kutumia mara moja, ambavyo hukatwa kwa kisu na mara nyingi waya hukatwa navyo.

Hatua ya 6: Tochi, futi na kalamu

Tochi ya kichwani yenye mwanga unaopunguzwa, na ikiwezekana wenye rangi nyekundu, hukuachia mikono yote miwili. Futi ya kupimia ya mita 5, kalamu nene isiyofutika na nyingine ya kawaida, basi. Programu ya simu inayoonyesha mapito ya jua kwa tarehe na mahali husika itakusaidia kuliko vifaa vingi vya kununua. Kipimo cha mwanga cha bei kubwa hukihitaji sasa, maana mkuu wa taa anacho, na kile kioo cheusi cha kutazamia utofauti wa mwanga ambacho wengine hukitundika shingoni ni pambo kwa mtu wa ngazi yako.

Hatua ya 7: Mabaki ya jeli na foili nyeusi

Usinunue bunda zima la jeli. Kazi inapokwisha, vipande vilivyokatwa hutupwa. Omba ruhusa uvichukue, uvipange kwenye bahasha ngumu na uandike namba kwenye kila kimoja. Tafuta pia kijitabu cha sampuli cha Lee au Rosco, kampuni zinazotengeneza jeli, ambacho hutolewa bure au kwa bei ndogo, ukisome mpaka namba zikae kichwani.

Kwa kuanzia, jifunze namba hizi za Lee: 201 hubadilisha mwanga wa tangsteni wa kelvini 3,200 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) uelekee mwanga wa mchana, 204 hufanya kinyume chake, 202 na 205 ni nusu ya hizo, 216 hutawanya mwanga kwa nguvu, na 250 hutawanya kwa kiasi cha nusu. Kumbuka kwamba 201 hupitisha takribani theluthi moja tu ya mwanga, hivyo taa uliyoona inatosha haitatosha tena ukishaiweka.

Foili nyeusi ya alumini, isiyopakwa rangi inayoungua, huzuia mwanga unaovuja kando ya taa. Hukunjwa, hutumika na hukunjuliwa tena mara nyingi. Usizibe nayo matundu ya kupoozea taa.

Hatua ya 8: Panga, tia alama, jaribu nyumbani

Weka alama ya rangi yako kwenye kila zana, hata kwenye kifuniko cha kalamu. Vinavyotumika kila dakika vikae upande wa mkono unaoutumia zaidi; multimita, jeli na akiba ya tepu vibaki kwenye begi karibu na stendi. Mkanda ukizidi kilo mbili au tatu, toa kitu, kwa sababu mgongo wako utafanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili.

Kisha fanya mazoezi gizani. Zima taa za chumba, vaa mkanda, na utafute kila zana bila tochi. Jizoeze pia kukunja waya kwa mizunguko inayopishana, mmoja juu na unaofuata chini, ili usijisokote unapotupwa. Waya uliozoeshwa kuzungushwa kiwikoni huharibika ndani kabla ya kuonekana nje.

Mambo yakienda kombo

*Breka inakata papo hapo unapowasha taa.* Dalili hii kwa kawaida ni ya shoti. Chomoa taa, jaribu waya mwingine, kisha taa nyingine kwenye waya wa kwanza, mpaka umpate mkosaji. Usirudishe breka mara kwa mara ukitumaini itakubali.

*Breka inakata baada ya dakika kadhaa.* Umezidisha mzigo. Rudia hesabu ya wati, uulize ni nani mwingine amechomeka kitu kwenye saketi hiyo, na uhamishe taa moja kwenye saketi tofauti.

*Breka ya uvujaji inakata hovyo nje.* Tafuta unyevu kwenye maungio ya ekstensheni. Yanyanyue kutoka ardhini na uyakaushe. Kamwe usiiruke breka hiyo ili kazi iendelee.

*Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu ina joto.* Haikukunjuliwa yote. Nyingi huandikwa viwango viwili vya wati, kikubwa cha waya uliokunjuliwa na kidogo cha waya uliobaki kwenye gurudumu.

*Taa haiwaki kabisa.* Anza na soketi, kisha fyuzi ya plagi, kisha waya, na balbu iwe ya mwisho. Chomoa kila kitu kabla ya kupima waya au balbu kwa mlio wa multimita.

*Kalamu ya kupimia inalia kila mahali.* Nyaya zilizolala sambamba huambukizana kiasi kidogo cha umeme ambacho kalamu hukihisi. Thibitisha kwa multimita, na mpaka uthibitishe, uchukulie kuwa waya una umeme.

*Jeli inafifia au kutoboka.* Iko karibu mno na kioo. Ibane kwenye ncha za mabawa, hewa ipite katikati, na ukishindwa ifunge kwenye fremu iliyosimama peke yake mbele ya taa.

*Taa ya LED inaifanya ngozi ionekane ya kijani kwenye kamera.* Weka kipande cha Lee 249, na kama hakitoshi, 248. Hivi huondoa ukijani hatua kwa hatua.

*Mwanga unapepesa kwenye picha.* Mwombe mpiga picha alinganishe kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, na umeme wa mahali hapo: 1/50 au 1/100 ya sekunde kwa umeme wa hezi 50, na 1/60 au 1/120 kwa hezi 60. Upepesaji ukiendelea na taa imepunguzwa mwanga, ipandishe hadi juu na upunguze mwanga kwa jeli ya kijivu. Lee 209 hupunguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga, na 210 hupunguza mbili.

*Stendi inayumba.* Mguu mmoja uelekee upande ule taa inakoning'inia, kisha tundika mfuko wa mchanga kwenye mguu wenyewe, usiguse ardhi, kwa maana mfuko uliolala chini hauishikilii stendi kwa lolote.